Ng'ombe, Swala na Posa ya Kinyozi: Shangazi Achukua Funguo

Kila asubuhi, kabla ya kuonja chai, Fundi huwasha gari lake, Ng'ombe, na kuweka kikombe juu ya boneti. Kisha huinama, mikono nyuma, akakitazama kikombe kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Chai ikitikisika taratibu, viduara vikifuatana kwa adabu, husema, "Ng'ombe kaamka vizuri." Ikirukaruka, hakuna ruhusa ya kumsemesha Fundi mpaka mchana.

Chai humiminwa vikombe viwili. Kimoja cha boneti, na kimoja cha binti yake, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu kwa sababu anafundisha watu udereva. Tangu mama yake Mwalimu alipofariki, haijapita asubuhi bila vikombe hivyo viwili.

Asubuhi ya mashindano viduara vilikuwa vinakwenda vizuri kabisa. Ghafla mkono wenye bangili ukapenya dirishani na kuchomoa ufunguo.

Injini haikuzimika. Ng'ombe ni dizeli ya kizamani, hana habari na mambo ya funguo. Ukishamwasha, kumzima ni kazi anayoijua Fundi peke yake.

Mwenye bangili alikuwa Shangazi, dada yake Fundi, karani mstaafu wa mahakama. Mkono wa pili ulikuwa na ufunguo mwingine, wa Swala, gari la Kinyozi. Akaziinua funguo zote mbili juu na kusema maneno yaliyotuacha roho juu wiki nzima, sehemu iliyopita ilipoishia.

"Leo hakuna atakayeendesha gari lake!"

Kikombe kikaanguka.

"Dada," Fundi akasema, chai ikimchuruzika kwenye viatu, "umelala vizuri?"

"Nimelala vizuri na nimeamka na haki. Nijibu, kaka. Leo tunashindanisha magari, au madereva?"

"Magari."

"Wewe Kinyozi?"

Kinyozi, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi likaogopesha, alikuwa amesimama getini kwa heshima, kama mtu aliyekuja kuomba maji. "Magari, Shangazi."

"Basi dereva asiingilie kesi. Nyote wawili mna mikono, nyote mna mbinu. Kesho mmoja atasema alishindwa na mguu wa mwenzake, si gari la mwenzake. Kwa hiyo Fundi ataendesha Swala, Kinyozi ataendesha Ng'ombe. Gari litakalotangulia kuvuka mstari, mwenye gari ameshinda. Nani ana pingamizi?"

Watu waliokuja kutazama mashindano wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na pingamizi. Kusema kweli ilionekana haki tupu, na hata wewe msomaji, kama ungekuwepo, ungepiga makofi.

Walipiga makofi.

Kwa ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kufungua ukurasa huu, ugomvi wenyewe ni huu. Kinyozi alipokuja kuposa, Fundi hakumuuliza ni wa ukoo gani. Hakumuuliza anaingiza nini kwa mwezi. Aliuliza swali moja.

"Kijana, gari la mashindano ya barabarani, kikubwa ni nini? Torki, au hosipawa?"

Torki ni nguvu ya kusokota, ile inayoling'oa gari pale lilipolala. Hosipawa ni nguvu za farasi, zile zinazolikimbiza likishaamka. Fundi ametengeneza malori na matrekta maisha yake yote, na gari lake mwenyewe amelitia injini ya lori la mawe. Mtu yeyote mwenye akili za kuoa angejibu torki, akanywa soda yake, akaenda kutafuta suti.

Kinyozi alijibu kwa adabu, macho chini, "Hosipawa, Mzee."

Posa ikarudi ilikotoka.

Mwalimu alimfuata mpaka njiani. "Ungesema torki tu! Ungepungukiwa nini?"

"Nisianze kumdanganya baba mkwe siku ya kwanza."

"Ungeanza siku ya pili!"

Lakini alimpenda zaidi kwa jibu lile, na hilo ndilo lililomkera.

Basi ugomvi ukakua. Wateja wa gereji wakaacha kunyolewa kwa Kinyozi. Wateja wa Kinyozi wakawa wanapita mbele ya gereji wakiunguruma kwa midomo, vrrrrrr, kama mashine za kunyolea. Mpaka ikakubaliwa: magari yaingie barabarani. Ng'ombe akitangulia, posa imekufa na isifufuliwe. Swala akitangulia, harusi ifungwe, na Mwalimu aondoke na mumewe kwenda mji mwingine, ambako Kinyozi ameshapata kiti katika saluni kubwa na yeye ameshapata kazi ya kufundisha.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Mengine yalikuwa moshi tu.

*

Barabara ilikuwa ile iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa, imenyooka kama rula, haina magari. Shangazi alichora mstari wa chokaa mwanzoni na mwingine mwishoni. Baada ya mstari wa mwisho barabara inabanwa, ukuta huku, mtaro huku. Na hapo katikati, pembeni pakiwa hapana hata pa kupitisha baiskeli, dereva mmoja wa lori la mayai alikuwa ameegesha aangalie mashindano "dakika moja tu."

"Ondoa hilo lori," Shangazi alimwambia.

"Mama, kwani haya magari yatafika huku?"

Swali hilo likaonekana la kijinga. Baadaye tutaona.

Fundi akaingia kwenye Swala, magoti yakamfika kidevuni. Kinyozi akaingia kwenye Ng'ombe, akapotea, zikabaki nywele zake zilizochongwa vizuri zikichungulia juu ya usukani.

"Gia ziingie!" Shangazi akaamuru. "Kwa mujibu wa kanuni, kila gari liwe tayari kuondoka."

Kinyozi akasukuma gia ya kwanza. Ikaingia kwa sauti ya kufuli la jela.

Shangazi akainua kitambaa cha jikoni. Watu wakavuta pumzi. Kitambaa kikashuka.

Hakuna aliyeondoka.

Kitambaa kilikuwa chini, vumbi lilikuwa chini, magari yote mawili yalikuwa pale pale.

"Mbona hawaendi?" mtu akauliza.

Fundi akatoa kichwa dirishani, uso umejaa tabasamu. "Tangulia, kijana."

Kinyozi naye akajinyanyua ili aonekane. "Hapana, Mzee. Mkubwa hutangulia."

"Aka! Wewe ni mgeni. Mgeni apite."

"Siwezi kumpita mzazi, Mzee. Nililelewa."

"Heshima hiyo ulikuwa umeificha wapi siku niliyokuuliza swali?"

Hapo ndipo watu walipoanza kuelewa, mmoja mmoja, kama mvua inavyoanza. Fundi alikuwa amekaa ndani ya Swala, na Swala akishinda, Fundi ameshindwa. Kinyozi alikuwa ndani ya Ng'ombe, na Ng'ombe akishinda, Kinyozi hana mke. Kila mmoja alikuwa ameshika usukani wa gari ambalo aliomba Mungu lisifike.

"Shangazi," Mwalimu akasema polepole, "umetunga mashindano ya kutokwenda."

Shangazi akafumba macho kidogo. Alikuwa ametumikia mahakama miaka yake yote bila kurudisha faili nyuma, na hakuwa na nia ya kuanza leo. "Kanuni ni kanuni," akasema. "Leteni viti."

*

Viti vikaletwa. Mwanamke mmoja akatoa uzi wake, akaanza kufuma. Wazee wawili wakaanza kubishana kama injini isiyokwenda inahesabiwa kuwa na torki.

Fundi alikuwa amegundua mbinu. Swala ni gari la kasi. Usipolikanyagia mafuta ya kutosha, linazimika. Basi Fundi alikuwa anawasha, anaachia klachi bila mafuta, gari linashtuka, linazimika. Pu!

"Nimejaribu!" anapaza sauti. "Halina kitu huku chini! Mmeona wenyewe?"

Anawasha tena. Pu!

"Farasi wamelala!"

Watu wa gereji wakacheka mpaka wakashikana mabega. Pu!

"Kaka!" Shangazi akasimama. "Dereva anayezima gari namna hiyo si dereva, ni mwanafunzi. Na kwa mujibu wa sheria za barabarani, mwanafunzi haendeshi bila kibao, wala bila mwalimu pembeni."

"Mimi? Mwanafunzi? Mimi niliyemfundisha huyo mwalimu mwenyewe?"

"Leteni kibao!"

Kikaletwa kutoka gari la shule, kikafungwa nyuma ya Swala kwa kamba ya kiatu. Mwalimu akafungua mlango, akaketi pembeni ya baba yake. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye breki ya mkono, kama unavyokwenda kila siku ya kazi.

"Mkanda, Baba."

"Mwanangu, usinifanyie hivyo."

"Mkanda."

Fundi akafunga mkanda.

Na wakati huo huo, msomaji wangu, bila kelele, bila mtu kuangalia, Ng'ombe akasogea.

Kidogo tu. Kama mtu anayejifanya hataki kuondoka mezani.

"Mzee," sauti ya Kinyozi ikatoka mle ndani, nyembamba. "Gari lako linakwenda."

"Umekanyaga mafuta!"

"Sijagusa mafuta! Nimeshika klachi na breki, miguu yote miwili!"

Fundi akageuka. Macho yakamng'aa. Klachi ya Ng'ombe aliikaza kwa mkono wake mwenyewe. Inahitaji mguu wa mtu aliyekulia kwenye grisi. Mguu wa Kinyozi ulikulia juu ya sakafu ya vigae. Kila ulipotetemeka, klachi iliachia kidogo, na Ng'ombe akavuta breki zake mwenyewe kama hazipo, akapiga hatua moja mbele.

"Hajagusa mafuta!" Fundi akawapigia watu kelele. "Mmesikia? Hajagusa! Hiyo ndiyo torki, hiyo! Nilisema nini mimi?"

"Zima injini!" Mwalimu akamwita Kinyozi.

"Ufunguo ninao mkononi, huu hapa! Inaendelea tu!"

"Toa gia!"

"Haitoki!"

"Haiwezi kutoka," Fundi akaeleza kwa fahari. "Mpaka uipige teke la ubavuni. Na teke lenyewe lina mahali pake."

"Mahali gani, Baba?"

Fundi akaanza kuangalia mawingu.

"Ruka!" watu wakamwambia Kinyozi. "Ruka utoke!"

"Niliache gari la baba mkwe liende peke yake? Litagonga ukuta! Nitamtazamaje?"

Hata watu wa gereji wakakubali kwamba hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye malezi.

Ng'ombe akaenda. Mwendo wa maharusi, hata Shangazi na watu wote wakamtangulia kwa miguu kwenda kungoja kwenye mstari wa mwisho. Kinyozi ndani yake amesimama juu ya pedali, jasho linamtoka, shati la pasi limekwisha, anapelekwa taratibu kwenye ushindi asioutaka.

*

Ndani ya Swala, Mwalimu alimtazama Ng'ombe akizidi kwenda.

"Ng'ombe anashinda, Baba," Mwalimu akasema.

"Namwona." Lakini sauti haikuwa na fahari tena, maana sasa hapakuwa na watu wa kuisikia.

"Akifika, mimi nitabaki."

"Ndiyo makubaliano."

"Sitalia. Nitaamka nimimine chai kama kawaida. Usiwe na wasiwasi."

Fundi akamtazama kwa pembe ya jicho. Angelia, Fundi angejua la kufanya. Angempigia hadithi ya injini fulani mpaka acheke. Lakini binti alikuwa ameketi ameangalia mbele, mgongo umenyooka, mkono kwenye breki, kama yuko kazini na mwanafunzi wa mtu mwingine.

"Hili gari ni dhaifu," Fundi akasema, kwa sababu hakuwa na neno jingine. "Usidhani naonea mtu. Hata nikikanyaga mafuta yote, litazimika. Ngoja nikuonyeshe, usije ukaishi unafikiri baba yako alikuwa mkorofi."

"Nionyeshe."

Sasa hapa inabidi nikwambie jambo moja kuhusu Fundi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuipandisha injini mpaka juu. Injini za mawe hazipandishwi; zinabembelezwa chini kule kule, zinavuta. Akawasha, akakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ya Swala ulipofika pale ambapo Ng'ombe angekuwa ameshapasuka, Fundi alidhani amefika mwisho. Kumbe bado nusu.

Swala akaanza kupiga kelele. Kwanza kama mashine ya kunyolea, halafu kama mashine za kunyolea za dunia nzima.

"Unaona?" Fundi akafoka juu ya kelele. "Kelele tupu! Sasa naachia klachi, linazimika!"

Akaachia klachi.

Watu walionusurika wanasema hawakuona gari. Waliona kibao cha mwanafunzi kikipepea. Barabara ikawa uzi. Ukuta wa kiwanda ukawa rangi moja. Ng'ombe akapita dirishani upande wa Fundi kama kitu kilichosahauliwa, na Kinyozi ndani yake amefungua mdomo.

"Mama yangu mzazi!" Fundi akapiga kelele.

"Macho mbele, Baba!"

"Linazidi! Mwanangu, bado linazidi!"

"Ndiyo hosipawa hiyo!"

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Umeambiwa mwezi mzima!"

Na Fundi alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kama hajacheka tangu mkewe alipokuwa hai, meno yote nje, mpaka akaona chokaa nyeupe inakuja. Mstari. Akakumbuka ni gari la nani, na ni nini kilichokuwa nyuma ya mstari ule.

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Swala akalia, akayumba, akasimama. Pua yake ilikuwa karibu na chokaa kiasi kwamba Shangazi alipiga magoti kuchungulia.

"Hajavuka!" akatangaza. "Hajavuka!"

Injini ikazimika. Pu.

*

Kwenye kioo cha juu Ng'ombe alikuwa anakuja.

Hakuwa na haraka. Alikuwa anakuja kama deni, kama uzee. Lakini Mwalimu aliona jambo. Barabara pale ilikuwa bado pana, na Kinyozi angeweza kupita upande wowote. Hakuwa anapita upande wowote. Alikuwa ameelekeza pua ya Ng'ombe sawasawa kwenye kibao cha mwanafunzi.

"Anakuja nyuma yetu," Mwalimu akasema. "Hawezi kumsimamisha Ng'ombe, lakini anaweza kumwelekeza. Anataka atusukume."

Fundi akaelewa mara moja. "Ng'ombe amsukume Swala avuke mstari? Torki yangu ishindishe hosipawa yake?"

"Ndiyo."

"Huyu kijana ana akili mbaya sana," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza ilisikika kama sifa.

Bampa likagusa bampa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Swala akaanza kusogea. Fundi akakanyaga breki. Magurudumu yakakwama, yakaburuzwa hivyo hivyo juu ya changarawe. Ng'ombe hata hakubadilisha sauti.

"Samahani, Mzee!" Kinyozi akaita kutoka nyuma. "Samahani sana!"

Mwalimu akaondoa mkono kwenye breki ya mkono. Akaiweka mikono yake yote miwili mapajani.

"Baba, sikiliza," akasema, kwa ile sauti anayowaambia wanafunzi wake siku ya mtihani. "Ukiachia breki ukakata usukani kulia kidogo tu, tunatoka njiani. Ng'ombe atapita, atavuka wa kwanza. Umeshinda, na hakuna wa kukulaumu. Nakwambia ili usije ukasema hukujua."

"Na nikinyoosha?"

"Ukinyoosha, nitakwenda."

Fundi akatazama mikono yake juu ya usukani. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni yoyote. Ilimshikia huyu mtoto baiskeli akijifunza, ikamshikia usukani akijifunza, na kila mara ilipofika wakati wa kumwachia, Fundi ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua.

Chokaa ikaingia chini ya pua ya Swala.

Mikono haikukata kulia. Haikukata popote.

"Vumbi jingi humu," Fundi akasema, akijifuta macho kwa bega.

Matairi ya mbele yakavuka.

"Swala ametangulia!" Shangazi akarusha kitambaa cha jikoni hewani. "Kwa mujibu wa kanuni nilizotunga mwenyewe, Swala ametangulia, posa imekubaliwa, na asiyeridhika asikate rufaa!"

Vigelegele! Watu wa saluni wakakumbatiana na watu wa gereji. Wengine walishangilia hosipawa kwa kuwa Swala ametangulia, wengine torki kwa kuwa aliyemtanguliza ni Ng'ombe, na wale wazee wawili wakaanza kubishana upya, kwa furaha, kama watu waliopata kazi ya kudumu.

Katika shangwe hiyo hakuna aliyegundua kwamba Ng'ombe hajasimama.

Alivuka mstari naye. Akaendelea. Mbele yake Swala, magurudumu yameganda. Mbele ya Swala barabara ikabanwa, ukuta huku, mtaro huku. Na mbele kabisa, katikati, limetulia, trei juu ya trei mpaka juu, lori la mayai.

"Mayai yangu!" dereva wa lori akapiga yowe. Akakimbilia lori lake, akapapasa mfuko wa kwanza, akapapasa wa pili, akatazama dirishani. Ufunguo ulikuwa ndani. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mzee!" Kinyozi akaita, mguu umekufa kabisa, sauti ya mtu aliyepata mke na yuko karibu kumpoteza kwenye mayai. "Mzee, inazimwaje?"

"Kaka, sema!" Shangazi akakimbia pembeni, bangili zinalia.

"Fundi, sema!" watu wote wakaitikia. "Inazimwaje?"

Ilikuwa sentensi fupi. Chini ya kiti cha Ng'ombe kuna waya; uvute. Hata mtoto angeisema. Mwalimu aliijua sura ile ya baba yake, alimwona anavuta pumzi, akamwona anafungua dirisha mpaka mwisho na kutoa nje kichwa, mabega, na mkono mmoja ulionyooshwa kuelekea Ng'ombe.

Watu wakanyamaza ili asikike.

Fundi akafungua mdomo. Na badala ya waya, likatoka lile alilolificha moyoni tangu siku ya posa.

"Sitaki aondoke!" akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia, mayai yakiwa karibu kiasi cha kuhesabika. "Torki gani, hosipawa gani! Sitaki mwanangu aondoke! Nani atakinywa kile kikombe cha pili?"